Posa ya Unga

Juzi nilipita soko la Kangeta, shida yangu ikiwa viazi vikuu tu, nikakuta vijana wameketi juu ya magunia wakifunga miraa kwa majani ya mgomba yaliyopasuliwa saa ile ile. Miraa yenyewe hainishtui, nimezaliwa katikati yake. Ni ule utomvu wa jani bichi likikunjwa, harufu ya majimaji, chungu kidogo, kama shati la mtoto lililolowa. Ilinishika shingo nikasimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele. Muuza nyanya mmoja akaniuliza, "Shosho, ni kizunguzungu?" Nikamwambia ni jua. Jua lenyewe lilikuwa halijaonekana tangu Jumatatu.

Wenzangu wa rika langu, ninyi mliovaa gunia na mkashukuru, hamhitaji kuelezwa Emajensi ya siku za Mau Mau ilikuwa nini. Lakini mimi mnanijua. Tangu nihitimu shule ya ngumbaru, nikiwa na wajukuu wawili na miwani ya kuazima, nimekuwa nikiwasimulia mambo, nanyi mmezoea kukata nusu ya ninachosema kabla ya kumeza. Kateni basi kwenye greda na kwenye mvua. Kwenye mengine nawaomba msikate.

Greda ndiyo hii. Baba yangu, M'Itonga, alikuwa dereva wa greda ya serikali, na sisi tulikaa katika laini za nyumba za kambi ya barabara, juu kidogo ya Makutano. Greda hiyo ilikuwa ya manjano, kubwa kuliko kanisa, na ilipowashwa asubuhi kuku wa Meru nzima waliacha kutaga hadi saa nne. Nilikuwa naamini kabisa kwamba Mlima Kenya ulitengenezwa na baba. Niliwaza kwamba siku moja alikuwa na hasira, akasukuma udongo wote wa nchi upande mmoja, na theluji ni lile povu lililobaki. Nilipomwuliza, hakukataa. Alisema, "Ule mlima ulinipa kazi, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na alipoliita neno hilo mbele ya watu nilijiona nimekuwa mrefu.

Na mvua ya mwaka ule ilinyesha mpaka vyura wakahamia kwenye miti. Barabara ya kwenda Kiirua ikawa uji. Malori ya askari yakazama, na kila yalipozama, walioitwa ni watu wa baba: Wameru wa kila upande, Waembu, Wambeere, Wachuka, wote wakilala katika vyumba kumi vya mabati, wakila kutoka stoo moja. Na stoo ile ndiyo iliyoanza kupungua.

Serikali ilikuwa imeishiwa. Hilo nilisikia watu wazima wakisema, na mimi nikaona kwa macho yangu ya mtoto: Gavana na kofia yake ya manyoya akizunguka Nairobi na mkebe, akibisha milango ya Wahindi. Sikujua kwamba serikali ikiishiwa haibishi mlango wa mtu. Inafunga wa stoo. Ilikuwa inalisha majeshi yaliyotoka Ulaya, inanunua waya wenye miiba wa kuzungusha vijiji, inarusha ndege za kuangusha mabomu msituni juu ya ndovu na watu bila kuchagua, na gharama hiyo ilibidi itoke kwa mtu fulani. Ilitoka kwa watu wa barabara. Kwanza ilikwenda sukari. Halafu maharagwe. Halafu posho ya unga ikakatwa nusu, na ule wa nusu ukawa wa rangi ya kijivu, wenye wadudu ambao mama aliwatoa kwa subira kama mtu anayechambua mchele wa arusi.

Mzungu mkubwa wa kambi aliitwa Bwana Hakuna. Jina lake la kizungu silijui hadi leo. Watu walimpangia foleni asubuhi.

"Bwana, posho ya watoto?"

"Hakuna."

"Bwana, blanketi? Mvua imeingia ndani."

"Hakuna."

"Bwana, basi ruhusa ya kwenda kwetu kutafuta ndizi?"

"Hakuna."

Njeru, Mwembu mmoja mwenye shingo ndefu aliyevunja mawe pamoja na watu wa baba, alikuwa anamwigiza jioni akisimama juu ya pipa la lami, na watu walicheka hadi machozi. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu tumbo langu lilikuwa linauma kwa njaa huku nikicheka, na nilifikiri ndivyo kicheko kinavyouma siku zote.

Sasa, baba alikuwa na kitu alichokificha ndani ya soli ya kiatu: kadi ya chama cha wafanyakazi. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa chama kile hapo kambini, maana ndiye pekee aliyeandika barua bila kulamba penseli. Nairobi vyama vilikuwa na ofisi na vilikuwa vinagombana na serikali mchana kweupe. Malori ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini Meru yalileta habari: makuli wamegoma, watu wa reli wamekaa chini, wengine wameongezewa, wengine wamefungwa. Lakini kwetu wilaya ilikuwa imefungwa kwa amri. Watu wachache wakikaa pamoja bila leseni ulikuwa mkutano, na mkutano ulikuwa kiapo, na kiapo kilikuwa kamba ya kunyongwa. Watu arobaini wangekubaliana wapi juu ya kuweka koleo chini?

Kulikuwa na mkusanyiko mmoja tu ambao chifu alitoa kibali chake bila kuuliza sana: posa. Wazungu walikuwa wameambiwa kwamba mila njema ziachwe ziendelee ili watu watulie. Na huko kwetu Igembe, posa inaanza kwa ncoolo. Ni fungu la miraa bora, iliyochaguliwa jiti kwa jiti, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya gome, na linabebwa na upande wa mwanamume hadi kwa wazazi wa msichana. Wazazi wakilifungua, mazungumzo yameanza. Wasipolifungua, mgeni anajua njia ya kurudi. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilijua sheria za ncoolo kuliko nilivyojua Baba Yetu, kwa sababu bibi yangu alikuwa ametuimbia hizo sheria tangu tukiwa mgongoni.

Dada yangu Kananu alikuwa na miaka kumi na sita. Jumapili moja mchana niliambiwa nioge hadi nyuma ya masikio kwa sababu watu wanakuja kumposa Kananu.

Walikuja mchana, wengi, wakiwa wameosha miguu. Mbele yao alikuwa Thuranira, mpishi wa Bwana Hakuna, mtu mnene wa upole, pekee katika kambi ile aliyenuka siagi. Alibeba ncoolo chini ya kwapa kwa heshima kama mtoto aliyelala. Homugadi mmoja, mlinzi wa serikali wa kwetu wenyewe, aliyekuwa zamu alichungulia, akaona fungu, akapewa vijiti viwili, akaenda zake akitafuna. Baba akalifungua fungu. Ule utomvu ukajaza chumba. Sisi wa kike tukatolewa nje, mlango ukaegeshwa.

Nilikaa na Kananu nyuma ya nyumba akimenya ndizi. Nilikuwa nalia kimya kimya. Kananu alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Unaolewa na nani?" nikamwuliza.

"Na gunia la unga," akasema. "Kubwa, jeupe, halina wadudu."

"Kananu, usinichezee."

"Nyamaza wewe, utaharibu posa ya watu."

Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameambiwa, na kwamba alikatazwa kuniambia kwa sababu mdomo wangu ulijulikana. Lakini masikio hawakunikataza. Ukuta ulikuwa wa mabati yenye tundu la msumari, na niliyoyasikia na kuyaona kwenye tundu lile yalinipasua moyo. Hakuna shangazi hata mmoja aliyekuja, na posa bila shangazi ni kama maziko bila maiti. Hakuna aliyetaja ng'ombe, wala kondoo, wala asali. Walitaja unga, na unga, na mwisho wa mwezi, na kuweka koleo chini. Halafu ule ubaya wenyewe: Thuranira alikuwa wa ukoo wetu! Mwaka uliopita, kwa bibi, yeye na baba walikula mbuzi mmoja wa ukoo, wakagawana bega, na mimi ndiye niliyepeleka majani ya kuwekea nyama. Mtu wa ukoo wetu amekuja kuposa kwetu, na baba yangu mwenyewe amefungua fungu. Kwa mtoto wa Igembe, hilo lilikuwa jambo la kufanya mito irudi nyuma.

Mkiniuliza leo kwa nini sikumwuliza mama, nitawajibu kwamba mama alikuwa amebeba kibuyu cha uji akiingia na kutoka huku anacheka, nikaona wote wameingiwa na wazimu, nimebaki mimi na serikali.

Jumatatu nilitumwa maji. Kwenye bomba la kambi alikuwako mke wa koplo wa homugadi, mwanamke mrembo aliyekuwa na viatu. Wanawake wengine walikuwa wanamwachia nafasi, hawamwamkii zaidi ya lazima. Yeye aliniangalia akasema:

"We kadogo, nasikia kwenu ni sherehe. Mbona hatukuitwa?"

Na mimi nikafungua mdomo wangu. Nilimwambia si sherehe, ni aibu. Nilimwambia shangazi hawakuja. Nilimwambia ng'ombe hawakutajwa, wametaja unga tu. Nilimwambia Thuranira na baba walikula mbuzi mmoja, sasa atamwoaje Kananu, watoto watazaliwa vipofu. Nilimwambia wamo Waembu na Wambeere humo ndani, tangu lini mtu akaenda kuposa na makabila manne? Nikamshika kanga.

"Mama, mwambie koplo aende azuie. Mwambie aende na bunduki."

Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Usijali," akasema. "Haitakuwa posa tena." Akanisaidia kuweka kamba ya debe kwenye paji la uso, akaikaza vizuri ili isinikate. Nilipanda kilima nikiimba. Sikumbuki mzigo mwepesi kuliko ule maisha yangu yote.

Jumanne asubuhi, watu walipojipanga kuitwa majina, malori manne yalizunguka uwanja. Majoni, wale askari wa Kiingereza, walishuka kwanza, watoto wa kizungu wenye chunusi, halafu homugadi na mikuki. Wanaume wote waliokuwa nyumbani kwetu Jumapili waliitwa mmoja mmoja. Koplo alikuwa anawajua. Waliketishwa kwenye matope na mikono juu ya kichwa, na jambo ninalolikumbuka ni kwamba greda ilikuwa imewashwa tayari na hakuna aliyeizima. Iliendelea kunguruma peke yake nyuma yao. Baba aligeuka kuiangalia, askari akampiga kitako cha bunduki kwenye sikio. Aliporudishwa kuketi, alitafuta nyuso zetu kwenye mlango, akanipata, akanikonyeza. Alitaka nisiogope. Nilikuwa nimefikiri serikali itakuja kuzuia arusi, basi nikawa nangoja wamalize na baba wapande kwa Kananu kumwambia yuko huru.

Hawakupelekwa kwa sababu ya unga. Unga haukutajwa popote. Kwa nini watu wa makabila manne wadanganye chifu na kukaa katika chumba kimoja, kama si kula kiapo? Ndivyo ilivyoandikwa. Mtu aliyeomba posho yake ikawa ameapa kuua wazungu, na wengine wao, kama Njeru, walikuwa wakimwogopa hata bata. Walikwenda kizuizini katika tambarare za chini ambako joto linapasua kucha. Wawili hawakurudi. Mmoja alikuwa Mchuka aliyekuwa anatuchongea sisi watoto magari ya mti. Aliharisha siku tatu kwenye mchanga, akafa akiomba maji kwa lugha ambayo mlinzi hakuielewa.

Ni mmoja tu aliyeachiliwa, tena kabla ya jua kutua siku ile ile. Thuranira. Bwana Hakuna alikuwa ameshinda na njaa mchana kutwa, hakujua hata kuvunja yai, akaenda mwenyewe akamtoa kwa kelele. Hiyo ndiyo sababu yote, tumbo la mzungu. Lakini nani angeamini? Kufikia Jumamosi kila mtu kambini alijua nani amewauza.

Tulifukuzwa kwenye laini kwa sababu zilikuwa za wafanyakazi na sisi hatukuwa na mfanyakazi tena. Tukaenda kwa mama mdogo Kiirua, kwenye upepo ule unaotoka mlimani na barafu mdomoni, ndani ya kijiji chenye waya na handaki. Mama alichimba mitaro ya amri kila siku isipokuwa Jumapili. Tulikula majani ambayo hadi leo sijui jina lake, na nisingependa kulijua. Mwaka wa pili Kananu aliolewa, kweli safari hii, na mzee mmoja mwenye meno matatu aliyekuwa na shamba la viazi. Shangazi walikuja wote. Ng'ombe walitajwa, wakaletwa. Kananu alipita mbele yangu amejifunika, na sikuona kama anatabasamu.

Na Thuranira? Bwana Hakuna alihamishwa, mpishi akarudi kwao, na kwao palikuwa Kiirua, nyumba tano kutoka kwetu. Mkewe alipochota bombani, wanawake walimwaga maji yake na kumweka mwisho wa foleni ili wasichote baada yake. Watu walikataa moto kutoka jiko lake. Alikuwa na binti wa umri wangu, Karimi. Sisi watoto tulimfuata Karimi tukimrushia madonge ya udongo, na mimi, msikate hapa, ndiye niliyekuwa na shabaha kuliko wote. Nilikuwa na haki. Baba yake alikuwa amemla baba yangu.

Miaka ikapita mitatu na zaidi, waya ukaanza kutolewa, na siku moja mchana wanaume sita waliingia kwenye uwanja wetu. Wa mbele alikuwa mzee. Mama alipopiga yowe ndipo nilipojua ni baba. Sikio moja lilikuwa halisikii na alikuwa anatembea kama mtu anayevuka mto.

Waliketi, wakapewa uji. Walikuwa wamekaa na jambo moja kifuani miaka yote hiyo, na halikungoja uji upoe.

"Ni mtu wa ndani," Njeru akasema. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa. "Waambie, M'Itonga, habari za ile karatasi ya ushahidi."

Baba akaweka kibuyu chini. "Afisa alinisomea," akasema. "Neno kwa neno. Aliyetuuza alisema shangazi hawakuja. Alisema ng'ombe hawakutajwa, ulitajwa unga tu. Alisema tangu lini mtu akaenda kuposa na makabila manne. Na alijua kwamba mimi na Thuranira tulikula mbuzi mmoja."

"Mimi Mwembu, hilo la mbuzi ningelijua wapi?" Njeru akasema. "Na huyu Mbeere? Watu wawili tu katika chumba kile walijua. Wewe na yeye. Wewe ulilala chini pamoja nasi miaka yote. Yeye alilala kwenye jiko la mzungu."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Niliyasikia maneno yangu yakitoka kwenye mdomo wa baba, kwa mpangilio wangu, shangazi kwanza halafu ng'ombe, kama mtu anayesoma daftari langu la shule. Kichwa changu kilikwenda mbali, nikaona viatu vya mke wa koplo, na kamba ya debe, na jinsi nilivyoimba. Sikumwaga uji. Niliuweka chini taratibu sana, nikaenda nyuma ya nyumba.

Walikuwa wameshaamua. Hawatamgusa Thuranira kwa mkono, hawatakwenda kwa polisi. Watawaita wazee watoe laana. Serikali haikuwa na shida na laana za wazee siku hizo, ilikuwa imezitumia sana kuwatapisha watu viapo. Mbuzi dume angeletwa, wazee wangempiga kwa marungu hadi mifupa iwe unga, wakisema kwamba aliyetuuza avunjike hivi, na nyumba yake ivunjike hivi, na kizazi chake. Jina halitajwi. Laana inamtafuta mwenyewe. Siku iliyowekwa ilikuwa ya tatu.

Siku ya kwanza nilingoja nife kabla ya laana. Siku ya pili, baba alipokuwa anapanga kuni, nilisimama mbele yake nikasema yote. Nilisema haraka, nikaanza na bomba nikamaliza na bunduki. Sikulia. Nilikuwa na miaka kumi na moja na zaidi, na nilifikiri atanipiga kwa ukuni alioushika, na nilitaka anipige.

Baba aliendelea kupanga kuni. Alipanga safu nzima.

"Ulimwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Hapana, baba."

"Karimi?"

Nikatikisa kichwa. Akakaa juu ya kuni alizozipanga, zikaporomoka, akabaki amekaa hapo hapo.

"Laana haiulizi umri," akasema. "Na hata ikiuliza, watu hawataacha. Utachota maji na nani? Utaolewa wapi?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ulitaka kumwokoa dada yako."

"Ndiyo."

"Basi nyamaza. Kesho utakuja nami, utasimama na wanawake, na utanyamaza. Umenisikia, mama?"

Asubuhi ya siku ya tatu watu walijaa kwenye kiwanja nje ya kijiji, juu ya nyasi zenye baridi. Mbuzi alikuwa mweusi. Thuranira alikuja mwenyewe, pamoja na mkewe na Karimi, wakasimama peke yao upande wa pili, na kati yao na sisi palikuwa na nafasi ya kupitisha lori. Alikuwa amekonda. Ngozi ya tumbo lake ilining'inia. Hakuwa na woga usoni. Alikuwa na hamu, kama mtu aliyepanga foleni ya dawa siku nyingi na sasa amefika dirishani. Alijua laana itampita, na watu wataona.

Mzee mkubwa akauliza, kama inavyopasa, kama aliyetenda yuko hapa ajitokeze kabla ya mbuzi kupigwa. Akauliza mara ya pili. Nilimwona Njeru akimkazia macho Thuranira. Mara ya tatu mzee alikuwa ameshainua rungu.

"Ni mimi," baba akasema.

Watu hawakuelewa. Alitoka kati ya wenzake, akavuka mpaka kwenye mbuzi.

"Nililewa," akasema kwa sauti ya juu, kama wanavyosema wenye sikio moja. "Jumapili ile jioni nilikunywa na koplo. Nilikuwa nacheka jinsi tulivyomdanganya chifu. Nikasimulia yote, hata mambo ya mbuzi wa ukoo. Nilikuwa najisifu. Sikukusudia. Laana isipigwe, nimejitokeza."

Baba yangu hakuwa ameonja pombe maisha yake yote, alikuwa mtu wa kanisa, na kila mtu pale alijua. Lakini ilikuwa ni yeye au Thuranira, na yeye amesema. Njeru alimkaribia. Nilifikiri atampiga. Alitema mate chini, karibu na mguu wa baba, si juu yake, akaondoka. Yule Mbeere akamfuata. Mmoja mmoja wale wanaume waliolala naye mchangani wakampita.

Thuranira alibaki wa mwisho. Alivuka ile nafasi ya lori.

"Miaka yote hii," akamwambia baba. Hakupaza sauti. "Ulikuwa unajua, ukawaacha wamwage maji ya mke wangu. Mtu wa ukoo wangu."

"Nisamehe," baba akasema.

"Hapana," Thuranira akasema. Akamshika Karimi mkono. Karimi aliniangalia alipopita, na shavuni alikuwa na kovu dogo la donge langu moja lililokuwa na jiwe ndani.

Ilibidi kutembea kutoka pale hadi nyumbani, na njia ilikuwa moja. Baba alinipa mkono. Tulimpita fundi wa viatu, ambaye siku tatu kabla alikuwa amemkumbatia baba akilia. Baba akamwamkia. Yule mtu akaangalia kazi yake.

"Hakusikia," baba akaniambia. "Nyundo ile ina kelele."

Hakuwa ameshika nyundo. Mbele kidogo tulikutana na wanawake wawili na kuni mgongoni, baba akawaamkia, wakapita.

"Mzigo mzito," akasema. "Mtu akibeba hawezi kuongea."

"Ndiyo, baba."

Kisha akatokea mzee wa kanisa letu, aliyembatiza baba, akivuka njia kutoka upande wetu kwenda upande mwingine. Baba akavua kofia. Mzee akaendelea kutembea, tukasikia viatu vyake mpaka alipokata kona. Baba alisimama na kofia mkononi. Alikuwa anatafuta neno. Nilimwona analitafuta, na halikuja, na nyumba yetu ilikuwa bado mbali.

"Macho yake," nikasema mimi. "Siku hizi haoni vizuri."

"Eeh," baba akasema, akavaa kofia. "Ni macho."